Usisubiri kituo cha simu, ulizia faiba
Ndugu, unauliza kama usubiri kituo cha simu cha mtaa wenu huko Uingereza (jengo la mitambo ambako waya za simu za nyumba zote huishia) kiboreshwe ndipo ubadilishe intaneti. Mimi nisingesubiri. Waya wa shaba unaotoka kituoni hadi kwako una ukomo wake: ADSL2+, yaani intaneti ya kupitia waya huo wa simu, ikizidi sana ni megabiti 24 kwa sekunde, na ukikaa kilomita nne au tano kutoka kituoni unaambulia chache tu, hata wafunge mitambo gani. Tena Openreach, kampuni inayosimamia waya na vituo vya simu huko, wanapanga kupunguza vituo hivyo kutoka kama 5,600 hadi kama 1,000. Ulizia faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, ya kufika hadi nyumbani, kwa anwani kamili, si postikodi peke yake. Kama ni ghorofa, mwenye jengo lazima aridhie kwanza, na hapo ndipo wengi hukwama.