Kumbo Kali na Adhabu Zisizolingana katika NHL: Ushauri kwa Wanaoanza Kuchambua Hoki

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichambua mechi za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Canada, kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzetu waliohamia Canada, na swali ninaloulizwa zaidi na wale wanaotaka kuingia katika kazi hii ni hili: kwa nini mchezaji mmoja hufungiwa mechi tano kwa kumbo ambalo mwenzake alilipiga juma lililopita akaachwa huru? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halipatikani kwa kurudia malalamiko ya mashabiki. Ninachowaomba ninyi mnaoanza ni kujizoeza kukipima kitendo chenyewe kabla hamjajua aliyegongwa ameumia kiasi gani na aliyegonga anaitwa nani, kwa sababu naamini hapo ndipo ligi yenyewe imekuwa ikijikwaa.

Kumbo ni sehemu halali ya hoki ya barafuni, na asiyelikubali hilo hataweza kuuchambua mchezo huu. Mchezaji anayemiliki puki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira kinachogombewa, anaruhusiwa kupigwa kumbo kwa bega au kwa nyonga ili atenganishwe nayo. Hatia huanzia pale mpigaji anapomrukia mwenzake, anapomsukuma kwa nyuma aliyeuelekea ukuta wa uwanja, anapoinua kiwiko, anapomgonga baada ya puki kwisha kuondoka, na zaidi ya yote anapokilenga kichwa. Kosa hili la mwisho linashughulikiwa na Kanuni ya 48, nayo ndiyo ninayowashauri muisome kwanza, neno kwa neno, kabla ya kuandika hata sentensi moja ya lawama.

Kanuni hiyo ilizaliwa kutokana na tukio mahususi. Tarehe 7 Machi 2010, Marc Savard wa Boston alikuwa amekwisha kupiga shuti wakati Matt Cooke wa Pittsburgh alipomjia kutoka upande asiouona na kumgonga kichwani. Savard alitolewa barafuni kwa machela, naye Cooke hakuadhibiwa na waamuzi wala hakufungiwa mechi hata moja baadaye. Colin Campbell, aliyesimamia nidhamu ya ligi wakati huo, hakuona msingi wa kumfungia, kwa kuwa Mike Richards wa Philadelphia naye hakufungiwa alipomgonga David Booth wa Florida kwa namna inayofanana mnamo Oktoba 2009. Kabla mwezi ule haujaisha, ligi na chama cha wachezaji zilikubaliana kuadhibu mapigo ya kichwa yanayotoka pembeni au upande asiouona mchezaji. Mwaka 2011 sharti hilo la upande liliondolewa, na kanuni ikapanuka. Savard alirudi uwanjani, akapata mtikisiko mwingine wa ubongo Januari 2011, na hakucheza tena.

Tukio hilo lina fundisho ambalo wengi hulipita. Uamuzi wa Campbell ulilingana kikamilifu na ule uliotangulia, na bado ulikuwa uamuzi mbaya. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba adhabu zilingane, muulizeni zilingane na kipimo gani, maana ulinganifu usio na kipimo sahihi hurudia kosa la jana kwa utulivu zaidi.

Kipimo cha Kanuni ya 48 kina sehemu mbili: kichwa kiwe ndicho kilichopokea pigo kwa sehemu kubwa, na kugongwa huko kwa kichwa kuwe jambo lililoweza kuepukika. Ili kuamua kama liliweza kuepukika, kanuni inauliza iwapo mpigaji alijaribu kuupitia mwili wote wa mpinzani, iwapo mpinzani alikuwa ameinama kiasi kwamba kichwa kisingekwepeka, na iwapo aligeuza kichwa au mwili ghafla muda mfupi kabla ya pigo. Ndiyo maana utaona pigo linalogusa kidevu likiachwa bila adhabu, na mtazamaji mgeni akidhani kwamba ameona upendeleo. Shirikisho la kimataifa, IIHF, lina msimamo mkali zaidi kuhusu kichwa, na kumbo ambalo lingesamehewa katika NHL linaweza kumtoa mchezaji nje ya mechi katika mashindano ya dunia. Wengi wanaoanza huchanganya mifumo hii miwili na kuandika kana kwamba ni mmoja.

Katika kutazama marudio, nina utaratibu ambao sijawahi kujuta kuufuata. Tazama kwanza kwa kasi ya kawaida, kwa sababu picha ikipunguzwa mwendo kila pigo huonekana kama lilipangwa kwa muda mrefu, ilhali mchezaji alikuwa na sehemu ndogo tu ya sekunde kuamua. Kisha tazama miguu ya mpigaji. Akiwa bado anasukuma barafu mpaka anapogonga, kasi ile ameitafuta mwenyewe. Akiwa ameacha kusukuma na kuteleza tu, huenda alikuwa akijipanga kupokea mgongano. Angalia visu vya viatu vyake vimeachana na barafu kabla ya pigo au baada yake, kwa kuwa mgongano wenyewe unaweza kumwinua mtu. Halafu hamisha macho kwa aliyepigwa na umtazame shingoni: kichwa kikitupwa nyuma wakati kifua bado kimetulia, hapo kichwa ndicho kilichobeba pigo; lakini kifua na kichwa vikienda pamoja, jambo hilo lina mashaka zaidi. Mwisho, rudi nyuma kidogo na utafute wakati ambapo mpigaji alikuwa bado na nafasi ya kubadilisha njia. Mara nyingi hoja nzima imelala hapo, nayo haionekani katika kipande kifupi kinachosambazwa na mashabiki.

Mtofautishe pia mwamuzi wa uwanjani na Idara ya Usalama wa Wachezaji. Mwamuzi huona mara moja na hutoa adhabu ya dakika 2 au 5, au kumtoa mchezaji nje. Idara, iliyoundwa mwaka 2011 chini ya Brendan Shanahan na inayoongozwa na George Parros tangu 2017, hufuatilia mechi zote kwa video na kuamua kama kuna haja ya faini au kufungiwa. Idara ikifikiria kumfungia mtu mechi 6 au zaidi, ni lazima impe nafasi ya kusikilizwa ana kwa ana. Chini ya hapo husikilizwa kwa simu. Rufaa huenda kwa kamishna Gary Bettman, na adhabu ikiwa ya mechi 6 au zaidi inaweza kufika kwa msuluhishi asiyefungamana na upande wowote. Haya yote yamo katika makubaliano ya pamoja na chama cha wachezaji, chama ambacho humtetea mshtakiwa ingawa aliyelala hospitalini naye ni mwanachama wake. Mgongano huo wa maslahi hautajwi vya kutosha, na ningependa kizazi kipya cha wachambuzi kiutaje.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika mechi za mtoano za mwaka 2012, Shea Weber wa Nashville alikishika kichwa cha Henrik Zetterberg wa Detroit na kukigongesha kwenye kioo cha uwanja, sekunde za mwisho za mechi yao ya kwanza. Hilo halikuwa kumbo lililokosewa kwa inchi chache. Lilikuwa tendo la mikono, lisilohusiana na kugombea puki. Adhabu ya ligi ikawa faini ya dola 2,500, kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo, na katika maelezo ya idara lilitajwa kwamba Zetterberg hakuonekana kuumia na alitarajiwa kucheza mechi iliyofuata. Siku chache baadaye, Raffi Torres wa Phoenix alimrukia Marian Hossa wa Chicago, akamgonga kichwani, na Hossa akatolewa kwa machela. Torres alifungiwa mechi 25, zikapunguzwa hadi 21 baada ya rufaa. Torres alistahili adhabu kali, tena alikuwa na historia ya makosa ya aina hiyo, nami sina neno la kumtetea. Lakini umbali kati ya dola 2,500 na mechi 25 hauelezeki kwa ubaya wa kitendo peke yake. Unaelezeka kwa historia na kwa machela. Kanuni zinaruhusu majeraha yazingatiwe, na matokeo yake ni kwamba anayemgonga mwenye shingo imara hupona adhabu, ilhali mchezaji anayeingia barafuni hawezi kujua mapema ubongo wa mwenzake utastahimili nini.

Hata kipimo hicho cha majeraha hakifuatwi sawasawa. Mwezi Mei 2021, Tom Wilson wa Washington alimpiga ngumi Pavel Buchnevich wa New York Rangers aliyekuwa amelala kifudifudi, kisha akamtupa Artemi Panarin barafuni. Panarin hakucheza tena msimu ule, na Wilson alitozwa dola 5,000 kwa tendo lake kwa Buchnevich, bila kufungiwa. Rangers walitoa tamko kali wakisema Parros hafai kwa kazi yake, nao wakatozwa dola 250,000. Timu hizo zilipokutana tena siku mbili baadaye, ngumi zilianza mara tu puki ilipodondoshwa katikati ya uwanja.

Wilson huyohuyo alikuwa amefungiwa mechi 20 mwaka 2018 kwa kumgonga Oskar Sundqvist kichwani katika mechi ya maandalizi, na msuluhishi Shyam Das akazipunguza hadi 14 wakati Wilson alikwisha kukosa mechi 16. Historia ya mchezaji ni haki kuzingatiwa katika ukubwa wa adhabu. Isitumiwe katika swali la kwanza, la kama kulikuwa na kosa, na mchambuzi mpya huteleza hapo kwa urahisi kwa sababu jina lenye sifa mbaya humfanya aone kiwiko mahali palipo na bega.

Mtasikia pia sauti za wazee wa mchezo wakisema kwamba zamani mchezaji alifundishwa kuinua kichwa, na watawatajia Scott Stevens wa New Jersey alivyomwangusha Eric Lindros mwaka 2000 kwa kumbo lililokuwa halali siku ile. Ni kweli lilikuwa halali, na si vyema kumhukumu Stevens kwa kanuni iliyokuja miaka 10 baadaye. Hata hivyo, wengi wanaolisifu pigo lile hubadilika siku linapompata nahodha wao, na hapo ndipo Waswahili walipolenga waliposema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Adhabu isiyoaminika ina gharama inayolipwa na mtu mwingine kabisa. Mwezi Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimgonga Markus Näslund, nahodha wa Vancouver, na ligi haikumwadhibu. Vancouver waliona kwamba hawakutendewa haki. Tarehe 8 Machi, Todd Bertuzzi alimfuata Moore kwa nyuma, akampiga ngumi na kumwangukia; mifupa ya shingo ya Moore ilivunjika na hakucheza tena katika NHL. Kisasi kile hakina utetezi wowote. Ninawatajia kisa hicho ili muone kwamba wachezaji huipokea nidhamu kama ahadi ya kulindwa, na wanapoikosa hujilinda kwa mikono yao.

Katika kazi ya kila siku, andikeni maoni yenu kuhusu pigo kabla idara haijatangaza chochote, mkitaja kanuni husika, hali ya puki, mwendo wa mpigaji na mahali pigo lilipotua, na mkiacha kabisa taarifa za hospitali. Tangazo likitoka, tazameni video ya maelezo ambayo idara huchapisha inapomfungia mchezaji, na mlinganishe sababu zake na zenu moja baada ya nyingine. Ulinganisho wenu na matukio ya nyuma uwe wa aina moja ya kosa na wa kanuni zilizotumika wakati mmoja, kwa kuwa tukio la 2009 na la 2019 hayakuamuliwa kwa kitabu kimoja. Na idara isipochukua hatua yoyote, jambo ambalo halina video wala maelezo, hapo ndipo msomaji wenu anawahitaji zaidi, kwa sababu hakuna mwingine atakayemweleza kwa nini pigo lile limepita.