Wadogo zangu wa uzamili, someni mahojiano yenu wenyewe

Rasimu za sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, ninazoletewa hapa Mbeya siku hizi zinafanana kama sare za shule. Mmoja kakusanya data Rungwe, mwingine Makete, matokeo ni yale yale: elimu ndogo, mitaji midogo, masoko duni. Jamani! ChatGPT itumieni, sikatai, ila tuelewane.

1. Marejeo. Kila makala unayopewa na programu itafute kwa DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni), uifungue, uisome. Programu hizi huunga maneno yanayoelekea kufuatana, ndiyo maana zinaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo haipo.

2. Majina ya watu. Kwenye fomu ya ridhaa uliahidi usiri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Usipakie mahojiano kabla ya kuondoa majina na namba za simu, na msimamizi wako awe anajua.

3. Uchambuzi. Hapa ndipo ninapoumia. Mdogo wetu mmoja alihoji wakulima wa viazi mviringo kule Uporoto. Kazi ya uwandani aliifanya vizuri mno, kapanda milima na mvua yake, kakaa jikoni na akina mama. Aliporudi akayamwaga mahojiano yote kwenye programu, akaomba dhamira kuu. Akapewa mikopo, elimu, pembejeo, barabara na taarifa za soko, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Nikaomba nakala ghafi, yaani mahojiano yenyewe neno kwa neno. Ukurasa wa kwanza tu, mama anaeleza lumbesa: gunia likishajaa linaongezewa kipande juu, viazi vinajazwa tena, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Anayefuata, lumbesa. Mwingine anasema alipokataa, gari likapakia kwa jirani. Kwenye muhtasari hakukuwa na hata sentensi moja ya lumbesa, kwa sababu programu huegemea yale yaliyoandikwa mara nyingi duniani. Akina mama wale waliacha palizi wakaeleza kinachowaumiza, halafu tasnifu iwajibu kwamba hawana elimu? Hapana. Tulikaa naye tukaanza upya, kalamu za rangi mkononi, misimbo (lebo fupi za kinachosemwa) mstari kwa mstari.

4. Kunyoosha Kiingereza cha aya uliyoiandika mwenyewe ni sawa, ila utaje kwenye sura ya mbinu ulitumia programu gani, kwa kazi gani.

Na kuanzia sasa, anayeniletea sura ya nne aje na nakala ghafi. Nitasoma zote mbili.