Maswali na majibu: Rupia yenye uso wa kioo

Shikamoo mwalimu. Nimekuta rupia ya Mjerumani ya 1892 kwenye kibubu cha bibi. Inang'aa sana. Nitajuaje kama ina uso wa kioo? (Rau, Moshi)

Marahaba. Kung'aa peke yake hakutoshi. Tazama uwanja, yaani ile sehemu bapa inayozunguka kichwa cha Kaisari wa Ujerumani: je, unarudisha taswira? Kioo cha kweli huzaliwa kwenye muhuri, yaani kile chuma chenye picha kinachopigia sarafu. Muhuri ukisuguliwa mpaka ukalainika, sarafu za mwanzo hutoka na uwanja kama kioo. Mapigo yakizidi, chuma cha muhuri huchakaa na kupata vijistari vinavyoelekea ukingoni. Hapo ndipo unapatikana ule mng'ao unaozunguka kama spoki za baiskeli ukigeuza sarafu chini ya taa. Spoki zikiwa na nguvu, kioo ni hafifu au hakipo.

Tumia balbu moja. Tyubulaiti hutawanya mwanga na kuficha mikwaruzo. Shika sarafu ukingoni. Ilaze juu ya kitambaa laini, kisha simamisha rula wima pembeni yake (usiiguse uso hata kidogo) na usome tarakimu ndani ya taswira. Wakusanyaji wa dola za Morgan, sarafu za zamani za fedha za Marekani, wana kipimo kinachofaa hata hapa: tarakimu zikisomeka vizuri mpaka sentimeta 5 hadi 10, huo ni uso wa kioo, zikisomeka kupita 10, ni kioo kirefu. Rupia ina kipenyo cha milimita 30 hivi, kwa hiyo pimia penye nafasi, mbele ya uso wa Kaisari. Kisha geuza upande wa simba na mnazi. Upande mmoja ukikosa kioo, usiiuze kwa jina hilo.

Yangu ilikuwa nyeusi. Sonara mmoja mjini ameipitisha kwenye mashine, sasa najiona uso mzima. Imepanda thamani? (Sakina, Arusha)

Imeshuka, na hairudi. Naumia kila ninapopata barua kama hii, maana zinakuja mfululizo. Mashine haitengenezi kioo cha muhuri, inakula madini ya fedha ya sarafu yenyewe. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie herufi: pembe zake zimelegea kama sabuni iliyolowa. Kofia na shavu vinameremeta sawasawa na uwanja, wakati kwenye kioo halisi michoro iliyoinuka mara nyingi hubaki na weupe wa ukungu, uwanja ukawa na giza la kioo.

Mistari nayo inasema. Muhuri uliosuguliwa huacha mistari iliyoinuka kwenye sarafu. Mistari hiyo hukaa uwanjani tu na hukatika ghafla ikifika kwenye herufi au picha, kwa sababu msasa haukufika kwenye mashimo ya muhuri. Mikwaruzo ya kitambaa au brashi imechimbwa ndani, tena inapanda juu ya herufi, inapita shavuni na kuendelea upande wa pili. Anayekuuzia "kioo" chenye mistari ya namna hii, mrudishie sarafu yake.

Kati ya jivu na ndimu, dawa ya meno na Jiki, ipi inafaa kusafishia? (Kiboriloni)

Hakuna. Jivu na dawa ya meno vinakwaruza, ndimu inakula, Jiki inaitia weusi fedha. Ule weusi wa miaka uache ulivyo.

Nimeuziwa reale ya Maria Theresa ya 1780, safi kama kioo. Muuzaji anasema ina miaka zaidi ya 200. (Njiro)

Mwaka huo haukuambii lini ilipigwa. Malkia huyo wa milki ya Austria alifariki 1780, na sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo, Vienna na hata London, Roma na Bombay. Vienna bado wanazipiga, zikiwemo za wakusanyaji zenye uso wa kioo ziitwazo prufu. Kwa hiyo hapa kioo kikali ni dalili ya upya. Ipime: inatakiwa karibu gramu 28.07, na ukingoni isomeke Iustitia et Clementia. Hivyo vikikosekana, usibishane bei, ondoka.

Shilingi ya simba ya 1952 inang'aa kama kioo. Ni fedha? (Majengo, Moshi)

Hapana. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Hata zile za 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha.

Rupia yenye kioo niliiweka kwenye mfuko wa plastiki laini. Sasa ina utando wa kijani unaonata. (Soweto, Moshi)

Plastiki hiyo inatoa kemikali na tindikali inayokula uwanja, na uwanja wa kioo ndio unaoonyesha doa kwanza. Iondoe leo. Mimina asetoni safi kwenye bakuli la glasi (usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta), zamisha sarafu dakika 5, mwaga, rudia kwa asetoni mpya. Usisugue hata kwa pamba. Iache ikauke yenyewe. Fungua madirisha, na jiko lisiwake karibu, maana mvuke wake unashika moto upesi. Penye kijani kilichokwisha kuchimba patabaki na kovu. Usipafukuzie kwa dawa nyingine. Baada ya hapo ihifadhi kwenye kasha la plastiki ngumu, mbali na jikoni.