Kampuni iliyoshika soko la teknolojia utaijuaje, na hisa zake ununue lini

Kwa nyie ambao ndo mnaanza kununua hisa, naona wengi mnaangalia ukubwa tu, kampuni ina wateja wengi basi mnasema imeshika soko. Haitoshi. Nokia 2007 ilikua inauza simu nyingi kuliko yeyote duniani, lakini mteja kuhama ilikua ni kutoa laini na kuiweka kwa simu ingine, iPhone na Android zilipokuja watu wakaondoka na ndani ya miaka michache biashara ya simu ikauzwa.

Mimi huuliza: mteja akitaka kuhama leo atapoteza nini? Chukua Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya yenye M-Pesa, huduma ya kutuma na kulipa pesa kwa simu. Utaacha M-Pesa uende wapi na mama mboga anataka umlipe kwa till (namba yake ya M-Pesa ya kupokea malipo), rent iko paybill (namba ya kulipia bili), stima paybill, chama chenu cha kuchangishana mnachanga huko huko, na mzee kijijini ajenti wake yuko hapo dukani, yaani kila anayejiunga anafanya waliomo wazidi kushindwa kutoka. Alafu fungua ripoti ya mwaka uone kama hiyo nguvu inaleta pesa. Tangu mwaka wa fedha ulioisha Machi 2022, M-Pesa inaingiza kuliko kupiga simu.

Sasa bei, na hapa tafadhali msome polepole. Hisa ya Safaricom iliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, 2021 ikafika karibu 45. Hisa zote ni kama bilioni 40, zidisha utapata trilioni 1.8, na faida ya mwaka ulioisha Machi 2021 ilikua kama bilioni 68, gawanya, kwa hiyo aliyenunua pale juu alilipia faida ya miaka kama 26. Mwisho wa 2023 hisa hiyo hiyo ilikua chini ya 15. Watu hawakuacha M-Pesa hata kidogo, ni riba za bondi za serikali (yaani pesa unayoikopesha serikali) zilipanda, wawekezaji wa nje wakauza, na biashara mpya ya Safaricom kule Ethiopia ilikua bado inakula mtaji. Cisco pia, Machi 2000 ilikua juu kabisa duniani kwa thamani, vifaa vyake vya mtandao vikaendelea kuuzwa miaka yote, lakini bei ile ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi.

So kabla hujampigia broka fanya hiyo hesabu kwanza, uilinganishe na bondi inalipa ngapi. Na fuatilia Benki Kuu, maana 2018 mitandao ya simu ya Kenya ilianza kutumiana pesa moja kwa moja, na kila sheria inayorahisisha kuhama inapunguza ile nguvu unayoilipia.