Waini ya mizabibu mizee, niitunze au niifungue?

SWALI: Dada habari za kazi, shemeji yangu karudi toka Italia kaniletea chupa ya waini nyekundu imeandikwa Primitivo di Manduria, chini yake Vecchie Vigne, kasema ni ya zamani sana niitunze. Ipo juu ya friji tangu mwezi wa tatu. Jumamosi ndugu wanakuja tunachoma mbuzi, nifungue au niiache izeeke zaidi? Na barafu inaruhusiwa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka yangu, kwanza itoe hapo juu ya friji leo leo, pale pana joto na kutikisika, waini haipendi vyote viwili.

Alafu shemeji kakosea kidogo. Vecchie Vigne maana yake mizabibu mizee, yaani uzee ni wa mti sio wa waini. Angalia mwaka kwenye lebo, huo ndo mwaka zabibu zilivunwa. Manduria ipo Puglia, kwenye kisigino cha Italia, na mizabibu mingi mizee ya kule ni mifupi, inasimama yenyewe bila waya, wenyewe wanaita alberello, yaani kamti. Sasa mti ukizeeka unazaa vishada vichache tu, na utamu wote uko hapo, maana nguvu ya mti mzima inaingia kwenye vile vichache, juisi inakuwa nzito kweli. Na hii Primitivo ni aina ya zabibu, jina lake linatokana na kuwahi kuiva, inavunwa kuanzia mwisho wa Agosti, jua la kule kali, sukari inapanda haraka na sukari ndo inayogeuka kilevi. Kisheria haitakiwi kushuka chini ya asilimia 13.5, nyingi zinapita 14, kwahiyo waambie ndugu hiyo sio bia. (Wenzetu wanavuna mara moja tu kwa mwaka, baridi ikiingia mizabibu inalala, Dodoma sisi tunavuna mara mbili.)

Fungua Jumamosi, mbuzi ndo mwenzake hasa, ila pilipili weka kidogo maana inafanya kilevi kiunguze koo. Barafu hapana, naomba sana, utaimwagia maji kazi yote ya ule mti. Ila pia usiinywe na joto letu la Dar, wanaposema joto la chumbani wanamaanisha nyuzi kama 16 hadi 18, sio 31 za Tabata. Iweke ndani ya friji kama saa moja na nusu, itoe, mimina. Ikibaki izibe irudi kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu.