Mashine ya kukatia majani inapoteza nguvu ikishapata moto: usifungue injini kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Mashine yako ni ile ya kukalia, injini ya petroli ya silinda mbili. Asubuhi inawaka bila shida, inakata vizuri kwa nusu saa hivi, halafu inalegea hadi visu vinataka kusimama. Ukiipumzisha inarudi, kisha mchezo unaanza upya. Fundi ameshakuuzia kabureta mpya, hali ni ileile, na sasa anataka kufungua injini abadilishe ringi za pistoni. Nakuomba usimruhusu bado. Ringi zikiisha zimeisha, hazirudishi nguvu kwa sababu mashine imekaa kivulini. Tena ungekuwa unaona moshi wa bluu na unaongeza oili kila mara, na wewe hujataja hata kimoja.

Mimi natunza bustani na viwanja huku Usa River, na mashine za namna hii nashinda nazo. Tatizo la kulegea ikishapata moto lina washukiwa wachache, na karibu wote unaweza kuwapima mwenyewe bila kununua kitu.

Kabla ya yote, hakikisha kinacholegea ni injini. Sikiliza mlio. Kama injini inaunguruma vilevile ila mashine inatambaa, hasa kwenye mwinuko, hapo ni mkanda wa kuendeshea unaoteleza au oili ya gia iliyochoka, na injini haina kosa. Mlio wenyewe ukishuka, endelea kusoma.

Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Petroli inapotoka lazima hewa iingie badala yake, na tundu likizibwa na vumbi lililoshikana na mafuta, tangi linaanza kuvuta petroli irudi ndani. Injini inakufa njaa polepole. Mashine ikianza kulegea, simama, vuta breki, zima, kisha legeza kifuniko taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia hewa inafyonzwa, umempata. Lakini hata usiposikia, washa papo hapo na uendelee kukata kifuniko kikiwa kimelegea kidogo, mahali tambarare ili petroli isimwagike. Usisubiri dakika kumi, maana kupumzika nako kunairudisha mashine, na hutajua ni kipi kilichosaidia. Watu wengi wanaharibu jaribio hili hapo.

Ukiwa hapohapo tazama filta ya petroli na mpira unaotoka kwenye tangi. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani tabaka limeachia na kubana njia. Huo ni wa kubadilisha tu, bei yake ni ndogo. Na petroli yenyewe: EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubana uchakachuaji, lakini petroli ya madumu ya kando ya barabara mimi siiweki kwenye mashine. Ikichanganywa na mafuta ya taa injini inakosa nguvu, na plagi utazikuta nyeusi za masizi.

Sasa mahali ambapo mafundi wengi hawafiki. Juu ya injini kuna kava, chini yake feni, na feni inapuliza hewa kwenye mapezi ya silinda. Injini hizi hazina rejeta, zinapoa kwa hewa hiyo peke yake. Wakati wa kiangazi ukoka mkavu unavutwa pamoja na vumbi, unakutana na oili iliyovuja kidogo, na yote yanagandamana katikati ya mapezi. Kwa nje hutaona chochote, kwa sababu wavu wa juu unafutwa kila siku unang'aa. Fungua bolti za kava ulinyanyue. Nimeshakuta humo tabaka gumu linalotoka kipande kizima, upande wake wa ndani umeungua rangi ya kahawa iliyokaangwa, na nimeshakuta kiota cha panya. Chokonoa kwa kijiti na brashi, puliza kwa hewa ya kompresa. Usipige maji injini ikiwa moto. Silinda iliyozibwa namna hiyo inalegea kwa joto, na ukiiacha hivyo inakwenda kuharibu gasketi ya hedi, ambayo ndiyo gharama ya kweli.

Mapezi yakiwa safi na tatizo bado lipo, angalia kama silinda moja inazimika ikipata moto. Injini ya silinda mbili inaendelea kuzunguka kwa moja, ndiyo maana mtu anadhani imechoka tu. Mashine ikiwa katika kulegea kwake, visu vimezimwa, dondosha matone ya maji kwenye bomba la ekzosi la kila silinda, karibu na hedi. Penye moto tone linachemka na kutoweka mara moja. Bomba ambalo tone linakaa na kuteleza, silinda yake haichomi. Weka uso na mikono mbali, mvuke unaunguza.

Ukishajua ni ipi, usikimbilie kununua koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa plagi. Kila koili ina waya mwembamba wa kuzimia injini, na waya hizo zinakutana kwenye swichi. Kwenye injini nyingi za silinda mbili kuna diodi njiani (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na diodi ikifa, au waya ukichubuka na kugusa bodi, koili inazimwa huku ufunguo uko kwenye kuwaka. Chomoa waya huo kwenye koili zote mbili, washa, kata majani mpaka ipate moto. Silinda ikirudi, kosa ni la waya au diodi. Isiporudi, hamisha koili upande wa pili: tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Angalizo, waya zikiwa zimechomolewa ufunguo hautazima injini wala swichi ya kiti haitafanya kazi, kwa hiyo usishuke visu vikizunguka, na uwe unajua utazima vipi, kwa choki au kwa kufunga petroli.

Vali ni za mwisho. Zina nafasi ndogo kati ya vali na kinachoisukuma. Nafasi hiyo ikiisha, vali ya ekzosi haifungi vizuri injini ikiwa moto na mgandamizo unavuja. Kwenye injini nyingi ndogo nafasi ni kama milimita 0.10 hadi 0.15, ila fuata kitabu cha injini yako, na pima ikiwa baridi kabisa.

Na chini ya kava la visu usisahau kukwangua, majani mabichi ya masika yanaganda humo na kulemea injini nzima. Toa nyaya za plagi zote mbili kwanza, ndipo uingize mkono.

Fanya jaribio la kifuniko na la matone ya maji kesho mashine ikilegea, halafu niandikie hapa ulichoona, pamoja na picha ya plagi zote mbili na umeandika ipi ni ya upande gani.