Yale maji niliyoyadharau

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia. Ana saratani ya mlango wa kizazi, kapangiwa mionzi mara 25 na kemo, yaani dawa ya saratani ya dripu, mara 5, na wifi yake anamwambia achague kimoja, viwili vitammaliza. Anauliza mimi nilichagua kipi.

Sikuchagua, mdogo wangu. Nilipata vyote, na mwaka huu natimiza mwaka wa sita. Maneno ya wifi yako nayajua. Niliambiwa hayo hayo na mtu wa nyumbani kwangu, mbele ya wanangu, na yakinirudia moyo bado unauma.

Daktari alinieleza hivi: mionzi inakata vinasaba vya seli ya saratani, nayo seli inahangaika kujiunga upya. Sisplatini, ndiyo dawa ya kemo yenyewe, inaizuia isijiunge. Ndiyo maana dripu inatolewa mara moja kwa wiki ndani ya wiki zile zile za mionzi. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari jambo hili, baada ya tafiti tano kuonyesha kwamba wanawake waliopewa vyote kwa pamoja waliishi zaidi. Usimwachie wifi aamue.

Seli zenye afya nazo huumia, ila zikipewa nafasi hujirekebisha vizuri kuliko zile za saratani. Kwa hiyo dozi ya mionzi inagawanywa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Hiyo ni kazi ya madaktari. Kazi yako wewe ni maji.

Nilipopigwa picha za kupanga mionzi niliambiwa kibofu kiwe kimejaa, na kila siku ya matibabu kijae vivyo hivyo, kwa sababu kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo mdogo juu, mbali na mionzi. Mimi nilikuwa natoka Mbagala kwa daladala, foleni unaijua. Nikaogopa kubanwa njiani. Nikawa sinywi kitu tangu alfajiri, na nikiulizwa, najibu nimekunywa. Nilidanganya hivyo siku saba. Wiki ya tatu tumbo likaniendesha mpaka nikashindwa kusimama.

Nikamwambia mtaalamu wa mionzi ukweli, huku nalia. Hakunigombeza. Aliniambia nisinywe nyumbani: nifike, niende chooni, ndipo ninywe maji yangu pale pale kwenye benchi kwa kipimo walichonipa, nisubiri zamu. Jambo dogo kiasi hicho, na mimi nililipa kwa utumbo wangu.

Kosa la pili lilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Mgongo uliniuma, nikanunua vidonge duka la dawa la mtaani, sikumwambia mtu. Sisplatini peke yake ni mzigo kwa figo, ndiyo maana wanakutundikia chupa za maji kabla na baada yake, na mimi nikaongeza mzigo mwingine. Vipimo vya figo vikapanda, kemo ya nne ikaahirishwa wiki nzima. Ningeharibu figo kwa vidonge vya mgongo!

Wiki ya mwisho sina la kusimulia, nililala tu. Kisha ikaja mionzi ya ndani, ile ya kifaa kinachoingizwa ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi, ambayo wengi wanaikimbia kwa woga. Waliweka shashi kusukuma kibofu na njia ya haja kubwa mbali na kile kifaa. Hata hapo walikuwa wanakulinda, na ukiikimbia unaacha tiba nusu.

Dada zangu, semeni ukweli mbele ya daktari. Semeni mmekunywa nini, mmemeza nini, hata kama ni mizizi mliyoletewa na mama mkwe. Aibu haimlindi mtu. Na msikatize siku: matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani, yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu saratani nayo inatumia mapumziko yako kukua.

Wewe wa Morogoro, nunua chupa yenye alama za vipimo kabla ya Jumatatu. Kila wiki kabla ya dripu uliza majibu ya figo na damu, usisubiri kuambiwa. Na wifi nenda naye siku ya kemo ya kwanza, akae hapo pembeni yako, amuulize daktari mwenyewe.